Ngazi ya Pili

Al-Baghdadiyah, Jeddah
12 Februari 2025

Papa Protus,

Nakusalimu nikiwa mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo halipendi ngazi. Natumaini baridi ya Riyadh imeanza kukuachia, na yule Mfilipino unayelala naye chumba kimoja amepunguza samaki mkavu.

Usishangae kuona karatasi. Simu yangu iko kwa madam tangu Mwaka Mpya. Mtoto wake wa mwisho aliichukua akaangalia mambo yasiyofaa, ikaamuliwa simu za wafanyakazi zikae kwenye droo yake. Ijumaa napewa dakika ishirini, naye ameketi karibu anamenya chungwa, kwa hiyo naongea habari za mvua na ng'ombe. Lakini Jumatano napeleka kanzu za wanaume kwa dobi, mlango wa tatu kutoka hapa, na pale anafanya kazi binti wa Webuye, Rosebellah. Frankline, dereva wa lori la samani, hupita kwake akitoka Riyadh. Barua zitapitia hapo.

Sasa jambo lenyewe. Mkataba wangu uliisha tarehe 20 Januari. Miaka mitatu nimemaliza. Madam anasema tungoje Ramadhani ipite. Hanipigi, hanitukani, ananiambia mimi ni mama wa nyumba hii, na mama haondoki. Mama mkwe wake, tunayemwita Sitti, hali chakula asipolishwa na mkono wangu. Bila madam kupeleka serikalini ombi langu la kutoka nchini, sina pa kwenda.

Madam ni dada wa bosi wako. Wewe ndiye uliyempa bosi jina langu walipotafuta mtu, na kaka yake akisema neno, madam hulifuata. Nakuomba uzungumze naye. Mama yangu ana miaka themanini na saba. Krismasi dada yako Valary, anayemtunza, aliniambia kwamba kukhu yenu amemwuliza mara mbili yeye ni mtoto wa nani. Nataka nifike Kimilili mama angali ananijua. Sina haja nyingine.

Wewe ni mtoto wa kaka yangu, lakini nakuita papa kwa kuwa ulibeba jina la baba yangu. Leo nakuita hivyo kwa makusudi.

Senge wako,
Metrine Nekesa


Riyadh
2 Machi 2025

Senge mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilikaa siku tisa katika lori la Frankline chini ya kochi la mtu. Nimeipata salama. Mimi sijambo. Samaki bado anapikwa. Valary ameniambia mahindi ya mwaka jana hayajaisha, na kwamba Kukhu anakula vizuri: uji asubuhi, ugali kidogo na mboga ya murere jioni.

Ofisini tumepata kazi ya ajabu. Kampuni moja ya Uingereza imetupa tuchore ramani za baa ya zamani inayogeuzwa kuwa ofisi. Inaitwa Korongo Mweupe. Kule hakuna aliyetaka kuichora kwa bei waliyokuwa nayo, ndiyo ikatufikia sisi, mimi na Mhindi mmoja, katika mji ambao hauna baa hata moja. Fundi wao aliipima kwa leza na kupiga picha mia nne. Sijawahi kuingia humo na sitaingia, lakini naijua kuliko nyumba yetu.

Sehemu ya nyuma ni ya boriti za mwaloni, ina karibu miaka mia tatu. Mbele waliongeza ukuta wa matofali ili ionekane ya kisasa, wakati huo babu yake Kukhu hajazaliwa. Kaunta ni ya mti mwekundu, ina urefu wa mita saba na nusu. Juu yake, usawa wa uso, kuna safu ya vidirisha vidogo vya kioo cha maua, kila kimoja kinazunguka kwenye msumari wa katikati. Tajiri aliagiza kinywaji akakifunga kidirisha, muuzaji asimwone ni nani. Kaunta inabaki, itakuwa mapokezi. Ghala la mapipa chini ya ardhi litakuwa la mitambo ya kompyuta. Serikali yao imeweka ofisa wa majengo ya kale, na bila yeye huwezi kung'oa hata msumari.

Kuna chumba kidogo kando ya kaunta, mita mbili kwa mbili na nusu, kina benchi tu. Katika ukuta wake kuna kimlango cha mbao, sentimita tisini na tano kutoka sakafuni, hakina mkono wa kufungulia. Bosi anasema ni kabati. Ofisa wa kule anasema hatukitoi mpaka tumweleze ni nini. Tumekwama hapo wiki ya pili.

Kuhusu lile ulilotaja, natafuta wakati mzuri. Bosi ana mambo mengi mwezi huu.

Protus


Jeddah
16 Aprili 2025

Papa,

Salamu za baada ya Idi. Tulipika kwa watu sitini siku ya kwanza na arobaini ya pili. Goti ni lile lile. Rosebellah anakusalimu. Anauliza kama una mke, nikamwambia una baa.

Hicho kimlango si kabati. Kabati huwa na mkono upande wa anayelitumia. Hapa kati ya jikoni na majlisi ya wanaume kiko kama hicho hicho, na mkono wake uko upande wangu. Naweka sinia, nagonga mara mbili, nafungua, mikono inalipokea, nafunga. Miaka mitatu sijawaona nyuso, ila namjua mwenye pete ya akiki na anayetetemeka. Waliokaa katika chumba chako kidogo hawakutaka kuonekana wakinywa. Labda walikuwa wanawake. Mwambie ofisa wako aangalie upande wa kaunta. Atakuta mkono, au tundu ulipokuwa.

Na vile vidirisha vya kuzunguka, sisi tunavyo vikubwa. Nyumba hii ni ya zamani, mbele imetoa madirisha ya mbao yenye matundu, wao huita roshan. Unamwona muuza mikate, yeye hakuoni. Nafuta vumbi lake kila Jumamosi kwa mswaki.

Ramadhani imepita. Madam sasa anasema tungoje watoto wamalize mtihani. Papa, umezungumza na bosi?

Uliniandikia anachokula Kukhu. Sikukuuliza anachokula.

Metrine


Riyadh
11 Mei 2025

Senge,

Shikamoo. Nimepokea yako na nimeisoma nikiwa nimesimama getini. Mimi mzima. Ikama yangu, kile kibali cha kukaa, imefanywa upya mwezi uliopita, mwaka mmoja. Kukhu hana homa wala kikohozi.

Ulisema kweli. Ofisa wa Uingereza alitoa rangi upande wa kaunta akakuta matundu mawili ya mkono na alama ya komeo. Ni kidirisha cha kupitishia vinywaji. Ameandika kwamba kibaki, na chumba kidogo kiwe cha mtu mmoja kuongea kwa simu. Bosi alisimama mbele ya ofisi nzima akasema, "Protus ana jicho." Kisha akaniuliza pembeni nilijuaje. Nikamwambia nilifikiri tu.

Sasa tatizo liko ghorofani. Zamani vilikuwa vyumba vinne vya wasafiri. Wao wanataka meza ishirini na mbili. Ngazi ni moja, nyembamba, ya kale kiasi kwamba hairuhusiwi kuguswa. Moto ukiwaka chini, watu ishirini na wawili hawana pa kupita. Kazi yangu ni kuchukua kila meza na kuchora mstari mwekundu kutoka kwenye kiti hadi nje, barabarani. Mstari ukikatika, au ukizidi urefu unaoruhusiwa, ramani hairuhusiwi kupita. Nimechora mistari hiyo mara kumi na nne na yote inabanana kwenye mlango ule ule.

Ulisema goti linasumbuliwa na ngazi. Ngazi za huko zikoje? Vidato vingapi? Nieleze kama ulivyonieleza kile kimlango.

Lile jambo lako sijalisahau. Kulitaja siku ile aliyonisifu ingeonekana kama nadai malipo.

Protus


Jeddah
25 Juni 2025

Papa,

Hujambo. Joto limeingia hata kwenye maji ya bomba. Wageni wa Hija wamekwenda, nyumba imepoa, Sitti alikuwa na tumbo siku nne na amepona. Barua yako niliikuta ndani ya mfuko wa kanzu iliyopigwa pasi. Rosebellah ana akili kuliko posta.

Ungemtaja mjomba wako, au mwalimu wako, au Mungu, bosi angesema nini? Ulimwambia ulifikiri tu, mimi hukunitaja. Haya.

Vidato ni hamsini na vinne. Kumi na vinane kutoka chini hadi ghorofa ya kwanza, kumi na vinane hadi ya pili, kumi na vinane hadi darini, kwenye chumba changu. Ni vya jiwe, vimelika katikati. Upana wake naweza kugusa kuta zote mbili kwa viwiko. Vile vya mwisho vina geti la chuma, vidato vitatu chini ya mlango wangu. Madam hulifunga wote tukishalala na kulifungua alfajiri, ufunguo unakaa kwake. Ni kwa sababu ya wezi, mwaka juzi waliingia kwa jirani kupitia dari. Chumba changu kina kitanda, kabati, feni na dirisha la juu ninaloonea antena. Ni kizuri. Nalala vizuri.

Watoto wamemaliza mtihani. Sasa tunangoja madam apate mwingine wa mahali pangu. Alikuja mmoja wa kutoka Nakuru, Sitti akamtemea wali. Madam akanitazama kama aliyeshinda kesi.

Ijumaa nilizungumza na mama. Aliitikia vizuri, akasema "ndiyo, ndiyo", kisha nikamsikia akimwuliza Valary, "Huyu mwanamke ni nani?" Madam aliniuliza mbona nimenyamaza. Nikasema mtandao.

Mwambie bosi wako.

Metrine


Riyadh
20 Agosti 2025

Senge,

Shikamoo. Frankline alikuwa likizo, ndiyo maana nimekaa kimya. Hiyo ni nusu ya sababu.

Nilikuwa nakuandikia anachokula Kukhu kwa kuwa ndilo jambo pekee lililobaki zuri. Tangu Juni anamwita Valary kwa jina lako. Anamwambia, "Nekesa, umerudi lini?" Valary hujibu, "Jana." Damaris wa zahanati alikuja kumwona, akasema hakuna dawa ya kurudisha kumbukumbu.

Sasa nikueleze nilichofanya. Nilichukua barua yako nikachora nyumba hiyo. Sakafu nne, vidato hamsini na vinne, kuta kwa kipimo cha viwiko vyako. Nikaweka kitanda chako mahali pake, kisha nikachora mstari mwekundu kutoka kitandani. Unashuka vidato vitatu na kufika kwenye geti. Hapo niliandika: umekatika.

Bosi hutia sahihi kila karatasi kabla haijatumwa. Karatasi za Korongo Mweupe zilikuwa thelathini. Nikaiweka yako ya thelathini na moja na kumpelekea zote asubuhi. Yeye hasomi majina ya michoro, huangalia mistari kwanza. Saa tano akaniita. Alikuwa ameishika hiyo.

"Hii nani amechora? Ni upande gani wa jengo? Mtu analala hapa na hana njia ya pili, hata ya kwanza hana. Siwezi kutia sahihi."

Nikasema, "Ni nyumba ya baba yako, Mhandisi. Al-Baghdadiyah. Hapo analala senge yangu."

Akaigeuza karatasi upande wa kusini ukae chini, kama inavyokaa nyumba ukiitazama kutoka mtaani. Akaweka kidole darini. "Tulikuwa tunalala hapa na kaka zangu wakati wa joto," akasema. "Geti halikuwapo." Kisha akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akaniambia, "Yalla, rudi kazini."

Naamini amenielewa.

Protus


Jeddah
24 Septemba 2025

Papa,

Nakusalimu. Joto linapungua. Sitti ameng'oka jino.

Bosi wako alikuja mwenyewe, siku mbili baada ya barua yako kufika. Alivua viatu, akapanda hadi darini, nikasimama kando nimejifunika. Alipima kwa hatua. Alimsema dada yake kwa Kiarabu cha haraka, na madam akalia. Juma lililofuata wakaja mafundi wa kuchomelea, Wapakistani watatu na mkubwa wao. Kwa siku nne walipiga nyundo. Geti limeng'olewa. Na nyuma ya nyumba, kutoka darini hadi chini, kuna ngazi mpya ya chuma, imepakwa rangi ya kijivu, ina mkono wa kushikia pande zote mbili. Goti langu linaisifu.

Inashuka hadi uani. Ua una ukuta wa mita tatu na lango, na lango lina ufunguo.

Madam amefurahi sana. Amewaita dada zake kuja kuiona. Anawaambia, "Tazameni tunavyomtunza Metrine, sasa atakaa na amani." Nimetengeneza chai nikaipitisha kwenye kile kidirisha.

Naona ulichora vizuri. Bosi wako aliona ngazi imekosekana, akaleta ngazi. Mtu huletewa alichoomba. Mimi sikukuomba ngazi.

Wewe ni mtoto wa ndugu yangu, nilikubeba mgongoni, na siku ya kutahiriwa kwako mimi ndiye niliyekushika bega nikakwambia usipepese jicho. Hukupepesa. Kwa hiyo najua unaweza. Usiniandikie tena habari za Uingereza. Ingia kwa mtu huyo, sema maneno matatu kwa mdomo: senge anataka kwenda. Ukishindwa, niandikie kwamba umeshindwa, nijue la kufanya mwenyewe.

Metrine


Riyadh
16 Oktoba 2025

Senge,

Nimezungumza naye. Ni jana, saa nne asubuhi.

Nakuandikia yalivyokuwa, bila kupunguza. Niligonga, nikaingia, sikuketi. Nikasema, "Mhandisi, senge yangu anataka kwenda nyumbani."

Akasema, "Likizo?"

"Kwenda kabisa. Mkataba uliisha."

"Lini?"

"Januari."

Akaanza kuhesabu kwa vidole vya mkono wa kulia, akaendelea na wa kushoto. "Na ile karatasi ya thelathini na moja?"

"Nilidhani utaelewa."

"Niliona hatari ya moto, nikaiondoa. Wewe ni mchoraji, mimi ni mhandisi. Ukinipa mchoro nitasoma mchoro." Akanitazama. "Miezi tisa umekaa na hilo, na meza yako iko pale."

Akampigia dada yake. Nilisikia sauti ya madam ikipanda, kisha ikishuka, kisha kilio. Bosi akasema, "Halas. Halas, ya ukhti." Akaweka simu. "Wiki ya kwanza ya Novemba. Tiketi yake ni juu yangu. Kuna lingine?" Nikasema hakuna.

Nilipotoka nilitazama saa ya ukutani. Zilipita dakika nne.

Umenijua tangu nizaliwe, kwa hiyo sitakuambia nilitafuta wakati mzuri. Mwezi wa pili ikama yangu ilikuwa inakaribia kuisha na niliogopa isifanywe upya. Ikafanywa. Baada ya hapo sikuwa na sababu, ila nilikuwa nimeshachelewa, na kila wiki kuchelewa kwenyewe kukawa sababu ya kuchelewa tena. Ningemwambiaje Aprili, wakati angeuliza kwa nini si Februari?

Kukhu bado ni mzima wa mwili. Zaidi ya hapo sina la kukuandikia ambalo hutaliona mwenyewe.

Protus


Kimilili
30 Novemba 2025

Papa,

Huku mvua inanyesha hadi tunakausha nguo juu ya moto. Nimefika tarehe 7. Sasa nina simu, lakini haya nimeona niyaandike, kwa kuwa kwenye simu ungenikatiza.

Madam alinisindikiza hadi uwanja wa ndege, alilia njia nzima, akanipa kitambaa cha gauni na saa ya mkononi. Sitti sikumuaga. Alikuwa amelala, na nilichelea akiamka asikubali kula. Rosebellah ameniandikia kwamba siku tatu alikataa, ya nne akala kwa mkono wa yule wa Nakuru. Vidato vya ile ngazi ya chuma nilivihesabu siku ya mwisho, ni hamsini na saba.

Barua yako ya dakika nne nimeisoma. Sitaijibu. Ukija nyumbani tutaketi, nitasema nitakayosema, utanyamaza, na itakuwa imekwisha.

Valary alinipokea barabarani. Alitaka kunieleza kabla hatujafika, nikamwambia aache, nitaona.

Mama alikuwa ameketi mlangoni anapukuchua maharagwe. Vidole vinajua kazi bado. Alinyanyuka kunisalimu, akanishika mikono yote miwili, akamwambia Valary alete kiti kile chenye mto. Aliniuliza nimetoka boma la nani. Nikamtajia boma letu. Akasema, "Hao ni watu wazuri," akanikaribisha chai.

Ni majuma matatu sasa. Namwogesha, namsuka, nalala kitanda cha pili chumbani mwake. Ananishukuru kila mara. Amemwuliza Valary mgeni huyu ataondoka lini, kwa maana asingependa watu wangu wadhani ananizuia.

Valary huitwa Nekesa mchana kutwa. Nikiitika mimi, mama hutabasamu na kungoja aitike anayeitwa.

Jana tulikuwa tunachambua mchele. Valary alikuwa amemwambia kwamba nimetoka Uarabuni. Mama akaniuliza kama huko nilikutana na binti yake wa pili, mrefu, ana alama ya moto hapa kwenye mkono. Mikono yangu ilikuwa ndani ya ungo mbele yake. Nikasema nilikutana naye.

"Anakuja?"

Nikasema anakuja.

Akapuliza makapi, akachagua jiwe moja, akalitupa uani. "Ukirudi mwambie asiharakishe," akasema. "Mimi nipo tu hapa."

Nikamwambia nitamfikishia.

Metrine